Ushahidi wa Filomena

Harufu ya makopa ndiyo inayonirudisha kwenye darasa lile. Kuanzia mwezi wa saba, mvua zikishakata kabisa, majirani wa shule yetu walimenya mihogo, wakaipasua na kuianika popote palipopata jua: juu ya mabati ya vyoo, kwenye mikeka kando ya uwanja wa netiboli, hata kwenye ngazi za jengo la utawala, ambako mkuu wa shule alishachoka kuwafukuza. Siku ya pili au ya tatu mihogo ilianza kuchacha, na uchachu wake uliingia madirishani, maana vioo vilikuwa vimevunjika kabla sisi hatujafika pale. Tulikuwa themanini na wanne kidato cha tatu, tumebanana watatu watatu kwenye madawati ya watu wawili. Ukiinua mkono kuandika, kiwiko chako kilimgusa mwenzako, na ukitaka kuona anachoandika hukuhitaji hata kugeuza shingo. Mimi nilikaa safu ya dirishani. Kulia kwangu alikaa Filomena.

Kwetu ni Magomeni ya Mtwara mjini, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka shuleni. Baba alikuwa fundi wa majokofu, na tangu kidato cha kwanza nilikuwa wa kwanza darasani, jambo ambalo baba aliwatajia hata watu waliomletea feni zitengenezwe. Filomena alitoka Kilambo, ukingoni mwa mto Ruvuma, pale watu wanapovukia kwenda na kutoka Msumbiji. Shule ilikuwa mbali na kwao, kwa hiyo alikaa kwa shangazi yake Ufukoni, na alirudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Baba yake alifariki akiwa mdogo. Nyumbani alibaki mama yake na kaka yake Anselmo, aliyelima mihogo na mbaazi, na aliyebeba mizigo ya watu kwa baiskeli kutoka mtoni. Bibi yake mzaa mama aliishi ng'ambo ya mto. Wakati wa vita vya zamani alikimbilia huku na watoto, na vita vilipokwisha akarudi peke yake kwenye mikorosho yake. Filomena alikua akizungumza Kimakonde nyumbani, na kidato cha kwanza darasa zima lilimcheka kwa Kiswahili chake. Mimi nilicheka pia. Tangu hapo alizoea kukaa kimya. Lakini tulikula pamoja, tulisukana nywele, na mtu akiniuliza rafiki yangu ni nani, nilimtaja yeye.

Mwaka ule alihamia kwetu mwalimu mpya wa historia, Mwalimu Nandonde, mwembamba, mwenye kukohoa vumbi la chaki. Siku yake ya kwanza alitusikiliza tukimtajia miaka ya mikataba na majina ya magavana, akatikisa kichwa. Akatuagiza kila mmoja awe na daftari la pembeni, na kila Ijumaa aandike ukurasa mmoja wa uchambuzi. Hakutaka hadithi tu. Alitaka tuseme ni nini kilitokea, kwa nini kilitokea, tumejuaje, na sisi wenyewe tunaonaje. Historia sekondari inafundishwa kwa Kiingereza, na wengi wetu tulikuwa tunanakili ubaoni sentensi tusizozielewa. Madaftari yale alituruhusu tuyaandike kwa Kiswahili. "Mwalimu wa taaluma asisikie," alituambia, nasi tukaitunza siri hiyo kama yetu. Ndani ya jalada tulibandika mwongozo wa kusahihishia, maksi kumi kwa jumla: tukio mbili, sababu tatu, ushahidi tatu, maoni mbili.

Wiki ya tatu mada ilikuwa kilimo wakati wa ukoloni. Mimi niliandika kurasa mbili badala ya moja, nikapata saba. Jumatatu Mwalimu akaingia na daftari moja mkononi, akatusomea kwa sauti. Lilikuwa la Filomena. Aliandika kwamba ng'ambo, enzi za Wareno, kila mwanamke alilazimishwa kupanda pamba, na mama wa bibi yake alizichemsha mbegu usiku kabla ya kuzipanda ili zisiote, kisha akamwambia msimamizi kwamba udongo ule haufai. Kwenye ushahidi aliandika: "Bibi yangu ameniambia. Yeye ndiye aliyekuwa akichochea moto." Nje tukawasikia kuku wakidonoa mihogo. Mwalimu akasema bibi wa Filomena ni shahidi kuliko kitabu, akampa tisa. Nilipiga makofi pamoja na wenzangu. Lakini siku ile sikumgawia mhogo wangu wa kukaanga wakati wa mapumziko. Nilisema sina njaa, nikaula mwenyewe nyuma ya maktaba.

Mwezi wa nane mwalimu mwingine wa historia aliondoka, na Mwalimu Nandonde akabaki na vidato vyote vinne. Madaftari yakaanza kurundikana mezani kwake, na baadaye sakafuni. Ndipo alipotuchagua wanne tulioongoza mtihani tumsaidie kusahihisha. Alitupa kalamu nyekundu kila mmoja, akatukumbusha mwongozo, akasema, "Msimsahihishe mtu. Sahihisheni alichoandika." Akagawa madaftari kwa namba za rejesta. Kwenye fungu langu lilikuwamo la Filomena. Ningeweza kusema kwamba huyu nakaa naye dawati moja, apewe mwingine. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kulisoma.

Mada ya wiki ile ilikuwa mipaka. Tulikuwa tumesoma jinsi Wazungu walivyoligawa bara mezani kwao, na Mwalimu alitaka tuchambue tukio moja lililoletwa na mpaka tunaoujua. Wengi waliandika mambo ya kitabuni. Filomena aliandika hivi, nami nayakumbuka karibu maneno yote:

"Shamba la bibi liko ng'ambo na wajukuu wake wako huku. Mwezi wa tano watu wenye bunduki walichoma kijiji chao. Kaka Anselmo alivuka kwenda kumleta. Alivaa fulana ya bluu. Hajarudi. Sababu ya kwanza ni bibi kukataa kuiacha nyumba yake. Sababu ya pili ni mama kulia kila siku. Sababu ya tatu ni mimi. Nilimwambia Anselmo, wewe ndiye mwanaume wa nyumba hii."

Miezi mitatu nilikuwa nimekaa naye dawati moja na sikujua. Vita vya ng'ambo tulivisikia, kila mtu Mtwara alivisikia, lakini vilikuwa habari za redioni na minong'ono ya sokoni. Nilisoma ukurasa ule maktabani, saa tisa alasiri, nikausoma tena. Nilijua kwamba Mwalimu akiuona atausoma mbele ya darasa. Nilijua pia kwamba unastahili. Nikatazama mwongozo, nikaona mahali pa kuingilia. Nikaandika kwa herufi kubwa zilizonyooka: tukio mbili, sababu moja, ushahidi sifuri, maoni moja. Nne juu ya kumi. Chini yake nikaongeza: "Umejuaje kwamba kijiji kilichomwa? Nani aliona? Habari za kusikia si historia." Nilijisikia mkubwa. Mwalimu alipopitia kazi yetu alitazama jumla tu, akaweka sahihi yake, maana alikuwa na madaftari mengine mia mbili ya kupitia.

Jumatatu Filomena alifungua daftari, akausoma wino mwekundu polepole, kidole kikipita chini ya kila neno. Mwandiko wangu aliujua, alikuwa akiazima madaftari yangu tangu kidato cha kwanza. Nilingoja anikasirikie. Badala yake akaniuliza kwa sauti ya chini, "Somoe, ushahidi unakuwaje?"

"Mtu aliyeona kwa macho yake," nikamjibu. "Siyo aliyeambiwa. Uandike jina lake. Mahali. Siku. Na kama kuna kitu cha kuthibitisha, kitaje."

"Jina, mahali, siku," alirudia. Akaandika maneno hayo kwenye kiganja kwa kalamu ya bluu, na la nne akaliandika kwenye kifundo cha mkono kwa sababu kiganja kilikuwa kimejaa: kitu.

Ijumaa ile aliomba ruhusa ya kwenda nyumbani ingawa mwezi ulikuwa haujaisha. Ijumaa iliyofuata akaomba tena. Baadaye shangazi yake ndiye aliyenieleza alichokuwa akikifanya huko. Siku zile watu walikuwa wanavuka kwa mitumbwi kuja upande wetu, na magodoro na vyungu, wengine na mtoto mgongoni tu. Filomena alikaa pale wanaposhukia, Jumamosi kutwa na Jumapili mpaka gari la mjini lilipopiga honi, daftari magotini, akiwauliza mmoja mmoja wametoka kijiji gani. Mama yake alikuwa hajakanyaga pale tangu mwezi wa tano. Maji alikwenda kuteka kisima cha mbali, ilimradi asipite njia ya mtoni asije akakutana na mtu mwenye neno la kumwambia. Filomena alimdanganya kwamba mwalimu amewapa kazi ya kuhesabu mitumbwi.

Wiki ya tatu, daftari lake likaja kwenye fungu langu kama kawaida. Nililifikia mwishoni. Niliona kichwa cha habari "Masahihisho", nikatabasamu kwamba amenisikia.

"Tukio: Kaka yangu Anselmo amekufa. Shahidi: Faustino, fundi wa kuezeka, ameona kwa macho yake, na yeye na wenzake wawili ndio waliomzika. Mahali: kwenye mikorosho ya bibi, upande wa kisima. Siku: Jumanne, siku ya tatu tangu avuke. Kitu: fulana ya bluu, na ufunguo wa baiskeli uliokuwa mfukoni. Faustino aliuchukua ampe mtu wa kwao atakayemwona. Bibi: haijulikani. Sijapata shahidi."

Ufunguo ulikuwa umebandikwa pale pale kwenye karatasi kwa plasta ya kidonda. Ulikuwa mdogo, wa kufuli la mnyororo, umeshika kutu kwenye meno. Chini yake Filomena hakuandika maoni. Aliacha mistari miwili mitupu kwa ajili ya maksi.

Kalamu ilikuwa mkononi, na sitasema uongo: kabla ya kitu kingine chochote, kichwa changu kilijumlisha. Tukio mbili, ushahidi tatu. Halafu nikaiweka kalamu chini. Nikakimbia na daftari mpaka ofisi ya walimu. Mwalimu Nandonde alilisoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti akakaa, akalisoma tena. Akaugusa ufunguo kwa ncha ya kidole bila kuubandua.

"Nani alimwambia akatafute haya?" akaniuliza.

"Ndivyo mwongozo unavyosema, Mwalimu," nikajibu.

Akarudisha kurasa nyuma, akaiona ile nne, na maneno niliyoyaandika, na chini yake sahihi yake mwenyewe. Alinituma nimwite Filomena. Nilimkuta bombani akiosha bakuli. Mwalimu akamwambia akae, akamuuliza kama mama anajua.

"Bado," Filomena alisema. "Niliona nilete kwanza huku. Kama itakuwa imekosewa tena, nisimwambie."

Kesho yake asubuhi tulipanda gari kwenda Kilambo: Mwalimu Nandonde, mwalimu wa malezi, shangazi yake, Filomena na mimi. Mimi nilipelekwa kwa sababu mwalimu wa malezi alisema mtoto asindikizwe na rafiki yake. Barabara ilikuwa ya vumbi jekundu. Filomena alikaa dirishani, akatazama nje njia nzima, mkono wake umeushika mkoba wenye daftari. Tulimkuta mama yake uani anapeta mbaazi. Watu walimwita Mama Anselmo, kama desturi ya kumwita mtu kwa jina la mtoto wa kwanza, na mwalimu wa malezi alipomsalimu kwa jina hilo sauti ilimkatika katikati. Mama alitutazama sote, akatazama viatu vya Mwalimu, akaweka ungo chini.

"Filomena kafanya kosa gani?" akauliza.

Shangazi alijaribu kuanza, akashindwa. Mwalimu Nandonde akasema maneno ambayo nadhani aliyapanga njia nzima, kwamba kuna mtu amevuka na habari za Anselmo, na habari zenyewe si nzuri. Mama akatikisa kichwa. Alisema watu wanaovuka wamechanganyikiwa, wengi wana fulana za bluu, na Anselmo si mtoto wa kufa. Alisema yote hayo kwa utulivu kabisa, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Ndipo Filomena alipofungua daftari, akabandua plasta, akamwekea ufunguo mkononi.

Baiskeli ya Anselmo ilikuwa ndani, imeegemezwa ukutani na kufungwa mnyororo kwenye nguzo, kama alivyoiacha. Mama hakuruhusu mtu aukate. Aliingia peke yake. Sisi tuliobaki uani tulisikia mnyororo ukigongagonga, ukanyamaza, halafu tukasikia kufuli likifunguka. Ni mlio mdogo sana. Kisha mnyororo ukaanguka sakafuni pingili kwa pingili, na mama akapiga yowe ambalo siwezi kulieleza, na majirani wakaanza kuja wakikimbia.

Matanga yalikaliwa bila mwili. Siku ya mwisho darasa letu lilituma wawakilishi, nami nikiwa mmoja wao, na Mwalimu alikuwepo. Mama alikuwa amekaa mkekani kati ya wanawake, amepungua kana kwamba ameugua mwaka mzima. Aliomba aletewe daftari la Filomena. Hakujua kusoma. Alifunua ukurasa mmoja mmoja, akapapasa mwandiko wa bluu, akafika kwenye ukurasa wenye nyekundu, akasimamisha kidole pale.

"Hii ya Filomena naijua," alisema. "Hii nyekundu ni ya nani?"

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Filomena alikuwa amekaa miguuni kwake, na macho yake yakainuka yakanifuata, hayana hasira, yananingoja tu. Niliangalia mkeka. Nilihesabu milia yake. Mwalimu Nandonde akasogea mbele, akachuchumaa mbele ya mama.

"Ni yangu, mama," alisema. "Kazi ilikuwa yangu."

Filomena hakurudi shule. Mama yake hakutaka kubaki peke yake, na yeye mwenyewe hakuonekana kutaka kurudi. Mwalimu aliyakusanya madaftari yote themanini na matatu yaliyobaki, hakuturudishia tena. Tukarudia kukariri miaka. Mtihani wa taifa nilifaulu vizuri, baba akachinja mbuzi, na katika picha ya siku ile nimesimama katikati ya ndugu nikicheka. Chuo nilichagua ualimu, somo la historia. Watu walidhani ni kwa ajili ya kulipenda. Mwalimu Nandonde hakuwahi kumwambia mtu yeyote, wala mimi mwenyewe hakunigusia tena jambo lile. Alinifundisha mwaka mzima uliobaki kama anavyomfundisha mtu mwingine yeyote, na hiyo ilinielemea kuliko fimbo.

Sasa nina miaka ishirini na minne, na wanafunzi wangu wana simu. Mambo ya ng'ambo yanapochafuka, picha zinavuka mto kabla ya watu. Mwaka jana binti mmoja alinionyesha video wakati wa mapumziko, akanitajia kijiji, saa na aliyeirekodi, kila kitu kimekamilika, na alipomaliza akafuta mikono akaenda kucheza. Siku za Filomena mtu alikaa kwenye tope siku nne kwa ajili ya mistari michache. Sijui kama watoto hawa wanajua zaidi yetu. Ninachojua ni kwamba kazi zao nasahihisha mwenyewe, na wapo ambao nimewaita pembeni tukazungumza, nikawarudishia ukurasa bila namba yoyote.

Likizo ya mwezi wa sita nilipanda gari la Kilambo. Filomena nilimkosa, ameolewa Newala na anashona nguo. Mama yake alikuwa uani anaanua kunde zilizokauka. Amezeeka, lakini alinitambua kabla sijasalimia. Nikampa shikamoo, nikabaki nimesimama, nikasema niliyokuja kuyasema: mwandiko mwekundu ulikuwa wangu, wala siyo wa Mwalimu, na sababu haikuwa mwongozo, ilikuwa wivu.

"Najua," alisema. "Filomena aliniambia wiki ile ile."

Nikamuuliza mbona hakusema kitu.

"Mwalimu wenu alikuwa anakuja hapa kila likizo, mpaka alipohamishwa. Anakaa pale, ananisaidia kupalilia, anaondoka. Sikuwa na neno naye. Wewe ndiye nilikuwa nakuangalia njiani." Aliendelea kukusanya kunde. "Mbona hukuja?"

"Niliogopa, mama."

Alijaza ungo, akaupeleka kibarazani, akarudi na ungo mwingine mtupu. "Haya," alisema. "Umekuja."

Hakusema amenisamehe. Zamani nisingeweza kuondoka pale bila kujua neno lile lina maana gani. Ningemuuliza, ningemtaka aseme wazi. Nilivua viatu, nikapokea ungo, tukaanua kunde pamoja mpaka jua likashuka na gari la mwisho likapiga honi barabarani.